Kupwa na Kujaa kwa Maji: Vipimo na Istilahi katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Neno pwani kwa watu wengi leo ni jina tu la nchi iliyopakana na bahari. Asili yake, hata hivyo, ni kitenzi. Kitenzi hicho ni kupwa, na silabi -ni iliyotiwa mwishoni ni kiambishi cha mahali, kama ilivyo katika nyumbani au mtoni. Pwani, basi, ni mahali maji yanapopwa, yaani ule ukanda unaofunikwa na bahari kwa saa kadhaa na kufunuliwa kwa saa kadhaa. Lugha iliyotoa jina la nchi nzima kutokana na mwendo wa maji haikosi kuwa na msamiati wa kuuelezea mwendo huo.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili yanayohusiana. La kwanza ni jinsi kupwa na kujaa kwa maji kunavyopimwa katika pwani ya Kenya. La pili ni maneno yanayotumika, au yanayofaa kutumika, katika kuyataja mambo yanayopimwa. Mambo haya hayatenganiki kwa urahisi, kwani kipimo kisichoweza kutajwa kwa lugha ya anayekihitaji hakimsaidii, hata kiwe sahihi namna gani.

Chanzo cha mwendo wa maji

Bahari huvutwa na mwezi na jua. Mwezi, ingawa ni mdogo mno ukilinganishwa na jua, uko karibu zaidi na dunia, na kwa hiyo athari yake juu ya maji ni kubwa zaidi; athari ya jua ni kiasi cha nusu tu ya ile ya mwezi. Isaac Newton ndiye aliyeeleza chanzo hiki kwa misingi ya hesabu mwaka 1687. Maji yaliyo upande unaoelekea mwezi huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko kitovu cha dunia, na yale ya upande wa pili huvutwa kwa nguvu kidogo zaidi kuliko kitovu hicho. Matokeo yake ni kwamba maji hufura pande zote mbili. Dunia inapozunguka, mahali pamoja hupitiwa na mafuriko hayo mawili, moja baada ya jingine.

Kama mwezi ungesimama pale pale, maji yangejaa kila baada ya saa kumi na mbili kamili. Lakini mwezi nao huendelea na safari yake, na dunia hulazimika kuzunguka kwa dakika hamsini zaidi ili kuufikia. Kwa hiyo baina ya kujaa kumoja na kujaa kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Pwani ya Kenya ni miongoni mwa pwani ambazo maji yake hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, ingawa kujaa kwa mara mbili za siku moja hakulingani sawasawa.

Bamvua na maji mafu

Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, jua na mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua huongezeka juu ya ule wa mwezi. Siku hizo, au siku moja mbili baadaye, huwa ndizo siku za bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua hupingana na ule wa mwezi. Hapo huja maji mafu. Bandarini Mombasa tofauti ya kimo baina ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa katika bamvua la kawaida hupita mita tatu, na katika mabamvua makubwa hukaribia mita nne. Katika maji mafu tofauti hiyo hupungua hata ikawa kiasi cha mita moja hivi. Mabamvua makubwa kabisa kwa kawaida hutokea karibu na miezi ya Machi na Septemba, wakati jua linapokuwa juu ya ikweta.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa na wafasiri. Bamvua si jina la maji mengi tu. Ni jina la kipindi ambamo maji hujaa sana na pia kupwa sana. Anayesoma tangazo la kutahadharisha watu juu ya bamvua huenda akafikiri kuwa linahusu maji yatakayopanda tu, lakini mwokota pweza wa Kwale hungoja bamvua kwa sababu iliyo kinyume: ndipo mwamba unapofunuka mbali hata akaweza kuufikia kwa miguu. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni nao, kama wenzao wa Unguja walioanza kilimo hicho cha biashara mwaka 1989, hufanya kazi zao nyingi katika siku za bamvua, maji yanapopwa na kuacha kamba zao wazi. Hali kadhalika, maji mafu hayana maana ya maji yasiyosogea. Husogea, ila kwa unyonge. Maneno haya mawili, kwa hiyo, hutaja ukubwa wa mwendo mzima. Kutaja upande mmoja tu wa mwendo huo, lugha ina vitenzi vyake, kujaa na kupwa.

Aidha, kalenda ya mwezi humwezesha mtu asiye na chombo chochote kupima. Anayejua kuwa mwezi umeandama jana anajua kuwa yumo katika bamvua. Akifika siku ya nane au ya tisa atakuwa katika maji mafu. Kati ya siku ya kumi na tano na ya kumi na saba bamvua litarudi. Na kwa kuwa maji huchelewa dakika 50 kila siku, katika muda wa wiki moja huwa yamechelewa saa sita hivi, na katika wiki mbili saa kumi na mbili. Hii ndiyo sababu bamvua huja na saa zake. Mombasa, katika siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Katika maji mafu mambo hugeuka: saa nne huwa ndio wakati wa kujaa. Mwokota pweza aendaye mwambani asubuhi jua likiwa limepanda hafuati mazoea tu. Anafuata hesabu ambayo mtaalamu huifikia kwa njia nyingine.

Vyombo vya kupimia

Kipimo cha kale cha baharia ni bildi, yaani kamba yenye kitu kizito mwishoni inayoteremshwa majini hata ikagusa chini. Urefu wa kamba iliyozama ulihesabiwa kwa pima, na pima moja ni mikono minne, au takribani futi sita. Bildi humpa nahodha jibu la haraka: chombo kitapita au kitapanda mwamba. Lakini haiwezi kumwambia maji yatakuwaje saa tatu zijazo, wala haimwambii kama alichokipima jana kinalingana na cha leo, kwa sababu uso wa maji ambao hupimwa kutokea kwake wenyewe unapanda na kushuka.

Ili kuupima uso huo ni lazima pawe na kitu kisichosogea. Chombo sahili kuliko vyote ni ubao wenye alama za mita na sentimita, uliosimamishwa wima na kufungwa katika gati au nguzo imara. Mtu husoma alama ambapo maji yamefikia na kuandika saa. Kazi hii ni rahisi, lakini ina taabu mbili. Ya kwanza ni mawimbi, ambayo humfanya msomaji akisie kati ya juu na chini. Ya pili ni usingizi, kwani maji hayapumziki usiku.

Taabu zote mbili zilitatuliwa katika miaka ya 1830, mtambo wa kujiandikia ulipoanza kutumika huko Sheerness, Uingereza. Mtambo wa aina hiyo huwa na bomba kubwa lililosimamishwa majini, lenye tundu dogo upande wa chini. Maji huingia na kutoka kupitia tundu hilo polepole. Wimbi la sekunde chache halipati nafasi ya kuingia, ila kujaa kwa saa sita hupata. Kwa hiyo ndani ya bomba maji hutulia hata bahari ikichafuka nje. Juu ya maji hayo huelea chelezo, nacho kimefungwa kwa waya uliopita juu ya gurudumu hadi kwenye kalamu. Kalamu huchora juu ya karatasi iliyozungushiwa pipa linaloendeshwa na saa. Mwisho wa siku karatasi huwa na mstari uliopinda mara mbili juu na mara mbili chini.

Siku hizi vipo vyombo visivyohitaji chelezo wala karatasi. Kimoja hulazwa chini ya maji na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake; kingine hutundikwa juu ya maji na kutuma mawimbi ya redio, kisha hupima muda yanaochukua kwenda na kurudi. Habari hurushwa kwa setilaiti. Hata hivyo ubao wa zamani haujatupwa. Husimama kando ya mtambo mpya ili kuukagua, maana mtambo huweza kukosea bila kujua, na ubao hauna la kukosea isipokuwa ukisogezwa.

Kituo cha Kilindini kimekuwa kikiandika kimo cha maji tangu mwaka 1986, na kile cha Lamu tangu 1995. Vyote viwili vimo katika mfumo wa kimataifa wa kuchunguza kiwango cha bahari ulioanzishwa chini ya UNESCO mwaka 1985, na husimamiwa nchini na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Jina la Kilindini lenyewe ni ushahidi wa vipimo vya kale: kilindi ni maji yenye kina kirefu, na ndicho kilichowavuta wenye merikebu kubwa waiache Bandari ya Kale, upande wa pili wa kisiwa.

Kimo, kina na kiwango

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo katika maandishi mengi, na kuchanganywa kwake kwaweza kuzamisha chombo. Yafaa yatenganishwe kama ifuatavyo.

Kina ni umbali kutoka uso wa maji kwenda chini hadi sakafu ya bahari. Kimo ni umbali wa uso wa maji kwenda juu kutoka katika sifuri iliyokubaliwa. Sifuri hiyo katika ramani za bahari huwekwa chini sana, mahali ambapo maji, kwa hesabu za nyota na mwezi, hayatazamiwi kupwa zaidi yake. Kina kilichoandikwa katika ramani huhesabiwa kutoka sifuri hiyo, yaani ramani huonyesha maji machache kabisa ambayo nahodha aweza kuyatarajia. Kwa hiyo kina halisi cha wakati fulani ni kina cha ramani pamoja na kimo cha maji cha wakati huo. Ramani ikionyesha mita 2, na kimo kikiwa mita 1.5, nahodha ana mita 3.5 chini ya uso wa maji. Akidhani kuwa 1.5 ndicho kina, atageuka bure. Akidhani kuwa 3.5 ni kina cha ramani na kuongeza tena, atakwama.

Kiwango nacho yafaa kiachiwe wastani wa muda mrefu. Kiwango cha bahari hakipatikani kwa kupima siku moja wala mwaka mmoja, kwani njia ya mwezi angani huyumba katika mzunguko wa miaka 18.6. Ndiyo maana wataalamu hutaka kumbukumbu za angalau miaka kumi na tisa kabla ya kutaja wastani wa mahali. Wastani huo ndio unaoonyesha kuwa bahari za dunia zimepanda kwa takribani sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Lakini mtambo hauwezi kupambanua kama maji yamepanda au gati limezama. Kwa sababu hiyo kila kituo huwa na alama za kudumu zilizochongwa katika mwamba au zege nchi kavu, na mara kwa mara sifuri ya mtambo hulinganishwa nazo.

Ama kuhusu jina la mtambo wenyewe, lugha inakabiliwa na tatizo dogo. Neno ambalo lingefaa kabisa, pimamaji, limekwisha kuchukuliwa na waashi, ambao hulitumia kwa kile kifaa chenye povu cha kusawazishia ukuta. Kipimo nalo ni jina la chombo na pia la matokeo yake. Huenda ni heri kusema mtambo wa kupimia kimo cha maji, ingawa ni refu, kuliko kuwaletea watu neno ambalo tayari wanalijua kwa maana nyingine.

Jedwali na saa

Mwendo wa maji, kwa kuwa watokana na mizunguko inayojulikana, waweza kutabiriwa. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1870 mashine ya magurudumu ambayo kila gurudumu liliwakilisha mzunguko mmoja, na jumla ya yote ilichorwa katika karatasi. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na matokeo yake huchapishwa katika majedwali yenye saa na kimo cha kila kujaa na kila kupwa kwa mwaka mzima.

Jedwali hutaja ncha tu, yaani juu kabisa na chini kabisa. Kilicho kati yake hupatikana kwa kanuni sahili. Saa sita za kujaa hugawanywa, na tofauti ya kimo hukatwa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Katika bamvua la mita 3, basi, maji hupanda sentimita 25 katika saa ya kwanza, 50 katika ya pili, na 75 katika kila moja ya saa mbili za katikati. Anayesimama mwambani na kuona kuwa saa ya kwanza maji hayajamfika magotini asijidanganye kuwa saa ya tatu itakuwa hivyo hivyo.

Majedwali ya namna hii kwa kawaida hufuata saa zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Penye 1600 msomaji wa Kiswahili husema saa kumi. Tofauti ya saa sita ni ndogo katika hesabu lakini ni kubwa baharini, kwa sababu saa sita ndio muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Anayekosea kwa saa sita hakosei kidogo. Hupata kinyume kamili cha alichokitaka. Vyombo vinavyopita Mkanda kwenda Pate hutegemea maji kujaa. Abiria aliyeambiwa saa isiyo yake ataukuta mlango umekauka.

Mpaka wa bahari na nchi

Umuhimu wa vipimo hivi haukomei kwa mabaharia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana juu ya milki ya Sultani wa Zanzibar, ukanda wa pwani ulipimwa maili kumi kwenda bara kuanzia ukomo wa maji yaliyojaa. Ukanda huo ulidumu kisheria hadi mwaka 1963. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya ukomo wa maji yaliyojaa na ukomo wa maji yaliyopwa kuwa ardhi ya umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 nao huanza kupima bahari ya nchi kutoka mstari wa maji yaliyopwa. Hivyo nchi kavu hupimwa kutoka maji yanapojaa, bahari hupimwa kutoka maji yanapopwa, na kilicho katikati ni mali ya wote.

Kilicho katikati ndicho pwani kwa maana yake ya asili. Mtu akijenga ukuta ufuoni akadai kuwa yuko juu ya maji, swali linalofuata ni maji yapi. Maji mafu yakijaa hayafiki mbali. Ya bamvua hufika penye ukuta na kuupita. Mvuvi ambaye njia yake ya kushukia imezibwa anapolieleza jambo hili mbele ya baraza, hulieleza kwa neno bamvua. Kama mkalimani hulijua neno hilo kwa maana ya maji mengi tu, hoja ya mvuvi hupotea hapo hapo, na ukuta hubaki.

Maji yaliyotoka bila wakati

Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Kabla ya alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi yalivuka Bahari ya Hindi kwa muda wa takribani saa tisa kabla ya kufika pwani hii. Mitambo ya Lamu na Zanzibar iliyaandika. Juu ya mstari wa kawaida wa kupwa na kujaa ilionekana michoro mingine iliyopanda na kushuka upesi. Maji yalikuwa hayajajaa, kwani siku za bamvua hujaa alasiri. Na watu waliondolewa fuoni kwa amri. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, iliyokuwa imeelekea zaidi njia ya mawimbi hayo, ilipoteza mamia.

Tukio hilo lina funzo la lugha. Maji yanapotoka ghafla na kuacha samaki mchangani, mtazamaji anaweza kusema yamepwa. Lakini kupwa kuna saa zake na mwendo wake. Maji yanayotoka kwa dakika chache, wakati yanapopaswa kuwa yanajaa, hayapwi. Yanakimbia, na yatarudi. Anayejua kuwa leo ni bamvua na kuwa saa nne asubuhi imekwisha kupita, ana kipimo cha kutosha cha kumwambia apande juu. Baada ya mwaka huo mfumo wa kutahadharisha wa Bahari ya Hindi uliundwa, na vituo vingi vya kupimia kimo cha maji vikaongezwa uwezo wa kurusha habari zao kwa haraka. Habari hizo zikishapokewa, hubaki safari moja ya mwisho, kutoka ofisini hadi kwa mtu aliye mwambani, na safari hiyo hufanywa kwa maneno.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa kimo cha maji hupimwa kwa kulinganisha uso unaosogea na alama isiyosogea, na kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kueleza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Bamvua, maji mafu, kupwa, kujaa, kina, kilindi na pima si maneno ya kutafutiwa nafasi katika istilahi za sayansi. Yalikuwa istilahi kabla ya mitambo kuja. Linalotakiwa ni kuyatenganisha pale yanapogongana, kama kimo na kina, na kuyatumia katika majedwali, matangazo na mabaraza kwa maana zile zile ambazo wenye bahari huzitumia. Wahenga wamesema maji yakijaa hupwa. Msemo huo kwa kawaida hutolewa kumfariji aliyeelemewa. Kwa mwenye kupima ni taarifa tu, nayo haikamiliki mpaka aongezewe saa ngapi, na kwa kimo gani.